Chanjo ya Ng'ombe Iliyookoa Nyumbu

Tukitaka kueleza kwa nini Serengeti ina nyumbu zaidi ya milioni moja, haraka tunataja mpaka wa hifadhi, sheria na askari wa doria. Vyote hivyo vina mchango wake. Hata hivyo, mabadiliko makubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa katika nyika hiyo yalianzia nje ya mpaka, kwenye mazizi ya wafugaji. Kila anayesimamia ardhi ambayo serikali imeitenga kwa ajili ya wanyamapori anapaswa kuitafakari historia hiyo, kwa sababu inathibitisha kwamba dola inaweza kumiliki kila kipande cha ardhi ndani ya mpaka, na bado uhai wa viumbe waliomo ukategemea mambo yanayotokea kwa jirani.

Sotoka, ugonjwa wa virusi, iliingia Afrika Mashariki katika miaka ya 1890, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi na kuwaacha Wamaasai katika njaa kali. Wimbi la kwanza lilipopita, virusi havikuondoka. Ndama wa nyumbu hulindwa na kinga anayoipata katika maziwa ya mwanzo ya mama yake. Kinga hiyo ilipokwisha baada ya miezi kadhaa, sotoka ilimkuta hana ulinzi, na ndama wengi walikufa kabla ya kukomaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 nyumbu wa Serengeti walikadiriwa kuwa karibu 250,000 tu. Katika kipindi hicho hicho ng'ombe wa maeneo jirani walikuwa wakichanjwa kwa wingi. Nyumbu hawakuchanjwa, lakini ugonjwa ulitoweka kwao pia, kwa kuwa chimbuko la maambukizi lilikuwa ng'ombe. Watafiti walipopima damu, nyumbu waliozaliwa baada ya mwaka 1963 hawakuwa na kingamwili za sotoka, maana yake hawakuwahi kukutana na virusi hivyo. Kufikia mwaka 1977 idadi yao ilikuwa imepanda hadi karibu milioni 1.3.

Mwenye shaka atasema huenda mvua ndiyo iliyowaongeza. Ni kweli kwamba mvua nzuri za kiangazi katika miaka ya 1970 ziliwasaidia nyumbu. Lakini pundamilia, wanaokula katika mbuga hizo hizo na kunyeshewa mvua hiyo hiyo, hawaugui sotoka, nao walibaki karibu 200,000 bila kuongezeka. Nyati, ambao sotoka ilikuwa ikiwaua, waliongezeka. Ingekuwa mvua peke yake, pundamilia nao wangeongezeka.

Matokeo hayakuishia kwa nyumbu. Nyasi ndefu zisizoliwa hukauka baada ya masika na kuwa kuni za moto wa nyika. Mche wa mgunga ulioota katikati ya nyasi hizo huungua kichwa, ukachipua tena chini, ukaungua tena mwaka unaofuata. Unaweza kuishi miaka mingi bila kupita kimo cha goti. Nyumbu walipokuwa wengi walikula nyasi hizo, moto ukapungua, na miche ikapata nafasi ya kukua hadi kimo ambacho miali haifiki. Miti iliongezeka, na mahesabu ya wanaikolojia yanaonyesha kwamba nyika iliyokuwa ikitoa hewa ukaa kupitia moto ilianza kuihifadhi katika miti na udongo. Sindano iliyodungwa kwenye ng'ombe wa kijijini ilibadili misitu ya hifadhi.

Je, hii ina maana kwamba doria hazina umuhimu? Hapana. Tanzania ilipofunga mpaka wake na Kenya mwaka 1977, mapato ya utalii yalianguka na doria zikapungua. Ujangili ukawapunguza sana nyati na tembo, na faru weusi wakakaribia kwisha. Doria zilipoimarishwa, nyati na tembo walianza kurejea. Askari anaweza kumzuia jangili. Hawezi kuzuia virusi, wala hawezi kurudisha maji ya Mto Mara, tegemeo la nyumbu wakati wa kiangazi, ambayo chanzo chake ni misitu ya Mau nchini Kenya.

Wapo pia wanaoshauri kwamba kama hatari iko nje, basi mpaka usogezwe na watu waondolewe. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Science mwaka 2019 unatupa sababu ya kusita. Ulionyesha kwamba msongamano wa watu na mifugo pembezoni mwa Serengeti na Masai Mara huwabana wanyama wahamao ndani, na athari zake hufika kwenye nyasi, moto na udongo wa sehemu za katikati. Kusogeza mpaka huusogeza msongamano huo pamoja nao, na kumgeuza mfugaji, ambaye ushirikiano wake ndio uliowezesha chanjo, kuwa adui wa hifadhi.

Kwa hiyo bajeti ya hifadhi ya serikali isiishie kwenye magari ya doria na mageti. Daktari wa mifugo anayezunguka vijijini, chanjo ya mbwa, mpango wa malisho uliokubaliwa na wafugaji na ulinzi wa vyanzo vya maji katika nchi jirani ni kazi za uhifadhi kwa maana kamili. Homa ya mbwa iliyoua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti mwaka 1994 ilitukumbusha gharama ya kusahau hilo. Dunia ilitangaza kuitokomeza sotoka mwaka 2011, baada ya miongo ya kuchanja mifugo ya watu. Serikali inayotaka wanyama wake wawe salama haina budi kuanza na afya na riziki ya wale wanaoishi nao jirani.