Mzee akianza kubeti, soma pakiti ya dawa

Maswali ya wasomaji kuhusu ugonjwa wa Parkinson yamenijazia meza, na mmoja wa Lucky Summer, eneo la Ruaraka jijini Nairobi, ameuliza jambo ambalo kliniki nyingi hazimtajii mgonjwa. Baba yake mwenye ugonjwa huo, mzee wa kanisa aliyekuwa akiwakemea vijana wa kamari, sasa hulala na simu mkononi akibeti ligi za nchi ambazo hawezi hata kuzitaja. Jirani amesema karogwa. Mganga ameshatajwa, na bei yake pia.

Hajarogwa. Soma pakiti ya dawa. Ikiwa imeandikwa pramipeksoli au ropiniroli, mshukiwa wa kwanza ni huyo. Katika utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa 3,090, asilimia 17 ya waliotumia dawa za kundi hili walikuwa na tabia wasiyoweza kuizuia: kamari, kununua ovyo, kula kupita kiasi au ngono. Kwa wasiozitumia, ilikuwa kama asilimia 7.

Ni kwa nini? Hapa nivumilie. Dopamini si kemikali ya raha, ingawa redioni hawachoki kutuambia hivyo. Kazi yake kubwa ni kusahihisha matarajio. Ukipata zaidi ya ulichotegemea, seli zake hufyatuka kwa kasi. Ukipata pungufu, hunyamaza kwa muda mfupi sana. Kimya hicho ndicho kinachomwambia mtu kwamba mkeka umechanika, aache. Sasa dawa hizi hushikilia vipokezi vya dopamini kutwa nzima, hasa aina ya D3, vilivyojaa katika eneo la ubongo linaloongoza hamu, eneo ambalo Parkinson huchelewa kuliharibu. Kimya kinafunikwa. Mzee akishinda shilingi 200 ubongo unaandika. Akipoteza 5,000 hauandiki kitu. Mwaka 2004 Michael Frank na wenzake walionyesha kwamba wagonjwa wa Parkinson wasiomeza dawa zao hujifunza zaidi kutokana na kukosea, na wakishameza hujifunza zaidi kutokana na kupata. Kwa hiyo kumhubiria mzee huyu kuhusu hasara ni kupoteza pumzi.

Je, kompyuta inaweza kubashiri nani atanaswa? Watafiti wa Paris, akiwemo Jean-Christophe Corvol, walifundisha programu kwa rekodi za wagonjwa wa mradi wa kimataifa wa utafiti wa Parkinson uitwao PPMI, kisha wakaijaribu kwa wagonjwa wa Ufaransa. Ilibashiri vizuri nani atakuwa na tatizo kliniki ijayo, lakini kwa Wafaransa iliupita kidogo tu ubashiri rahisi kwamba aliyekuwa nalo jana atakuwa nalo kesho. Vinasaba havikuongeza kitu cha maana. Uzito ulikuwa kwenye mambo ambayo muuguzi yeyote anaweza kuuliza. Mimi sisubiri programu hiyo ifike Ruaraka, tena imefundishwa kwa wagonjwa wasiofanana na wetu. Hapa taarifa ya M-Pesa ya mzee itaiona kamari miezi kadhaa kabla ya daktari, mradi mwenyewe akubali mtoto wake aisome.

Kuna uvumi mwingine nisiouvumilia: kwamba levodopa, dawa kuu ya Parkinson, ikianzwa mapema itaisha nguvu, basi mgonjwa avumilie kutetemeka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wagonjwa wa Ghana walilinganishwa na wa Italia. Waghana walianza dawa wakiwa wamechelewa, lakini miondoko ya kujinyonganyonga, madhara ya levodopa yanayohofiwa pia, ikawatokea baada ya kuugua kwa muda karibu sawa na Waitaliano. Kilichohusika ni umri wa ugonjwa na ukubwa wa dozi. Kuchelewa hakukuwaokoa na chochote.

Kwa mzee anayebeti, ushauri ni mfupi. Usikatishe dawa ghafla. Kuna wanaopata wasiwasi mkali, jasho na maumivu. Rudi kwa daktari, useme kamari kwa jina lake, apunguze au abadilishe. Simu yenye pesa ishikwe na mtu mwingine kwa sasa. Mgonjwa akitapika, asipewe metoklopramidi dukani, kwa kuwa huzuia dopamini hiyo hiyo.

Halafu kuna wauza unga wa mbegu za upupu. Mbegu hizo zina levodopa kweli, na ndiyo maana wateja wengine huona nafuu, kisha muuzaji anajiita mtaalamu. Mgonjwa ambaye tayari anameza vidonge anaongezewa dozi asiyoijua. Muuzaji akikuletea kopo lake, mwulize kijiko kimoja kina miligramu ngapi.