Divai tuliyolipa tusiiache mezani

Ndugu wafanyakazi, wakati wa konji wengi wetu tunashuka Lubumbashi pamoja na bamama, tunaingia restora nzuri na kuomba chupa ya divai. Kiisha chakula, chupa ingali nusu. Hapo njo haya inaanza: tukiibeba, watasema tuko watu wa njaa. Basi tunaiacha, ao, mubaya zaidi, baba anaimaliza pekee na kushika usukani.

Feza ya ile chupa ilitoka kwenye mugodi. Tulilipa chupa nzima, tena kwa bei ya restora, hatukulipa nusu.

Ufaransa, kwenye divai ni kinywaji cha kawaida, sheria imeingilia: tangu tarehe 1 Julai 2021, mteja akiomba, restora inapashwa kumupa kitu cha kubebea chakula ao kinywaji kilichobaki. Ila meza ya kujipakulia mpaka kushiba haimo. Sisi hatuna haja ya kungojea sheria. Tuombe kizibo mbele serveri hajakitupa.

Bia ni mambo ingine: chupa yake inarudi kwa mwenye kuitengeneza, restora inaweza kukatala. Ya divai hairudi. Tuifunge, isimame wima, iingie frigo; hata nyekundu. Itaenda siku 3, pengine 5. Ile ya povu tuimalize palepale, kesho povu yake itakuwa imepunguka.

Na serveri aliyezoea kunywa masalio? Tumupe matabishi mukononi. Naye ni mfanyakazi.