Ching'wekwe na Kuroiler banda moja: inawezekana, ila jogoo mtenge

Swali ninaloulizwa sana, kuanzia Kimamba hadi Mikumi, ni hili: "Afisa, hawa ching'wekwe si niwauze tu wote, nibaki na Kuroiler?" Jibu langu ni hapana.

Ching'wekwe ni kuku wa Morogoro hapa hapa. Watafiti wa SUA walipowapima kuku wa asili wa Tanzania, huyu alikuwa miongoni mwa wepesi kabisa, miguu mifupi, wakati Kuchi ndiye pandikizi. Wanunuzi wanamdharau. Lakini anaatamia bwana! Kuroiler na Sasso wengi hutaga na kuondoka, kwa hiyo kama huna mashine ya kutotolesha, kila kundi jipya unarudi kwa wakala na hela mkononi. Mwekee ching'wekwe mayai saba au nane ya chotara. Siku ya 21 vifaranga hao, na mwewe akitokea mama yupo. Usimzidishie, mwili wake hautoshi na mayai ya pembeni yatapoa. Na ujue kabisa, vifaranga hao kwa uzito hawatawafikia wazazi wao.

Sasa shida iko kwa jogoo. Kuroiler dume aliyekomaa anavuka kilo tatu. Akimpanda mtetea mdogo kila siku anamnyonyoa mgongo, anamchana kwa kucha, mwisho mtetea anakimbilia kulala mtini, na huko kuna kicheche na kanu. Ninyi mnaopakana na hifadhi ya Mikumi mnalijua hilo kuliko mimi. Halafu damu ya ching'wekwe inapotea polepole, na hamu ya kuatamia inapungua nayo. Mtenge jogoo mkubwa kwa wavu, awe na mitetea ya saizi yake. Wadogo wape jogoo wao.

Kwenye chakula, wakubwa watawasukuma tu. Piga fito kuzunguka sahani moja, uache upenyo ambao mdogo anapita na mkubwa anakwama kifuani. Fito za kulalia ziwe ngazi mbili, ya chini kwa ajili ya hao chotara wazito.

Kuku wa kununua wakae peke yao wiki mbili kabla ya kuwachanganya. Chanjo ya mdondo ya I-2 ni kila miezi mitatu, tone moja la jicho, mdogo kwa mkubwa sawa. Kichupa kimoja kinatosha kuku wa nyumba kadhaa, hivyo changishaneni na majirani mchanje siku moja.