"Mbona hukupiga kelele?"

Wadau, kuna swali moja linanikera kweli. Mtu kavamiwa na majambazi usiku, au dada kabakwa, halafu sisi tunamuuliza: "Sasa mbona hukukimbia? Mbona hukupiga kelele?" Leo naomba tulijibu kwa kuingia ndani ya ubongo.

Ndani kabisa, usawa wa panja, kila upande kuna kifundo kidogo mfano wa lozi. Kinaitwa amigdala, na jina lenyewe ni la Kigiriki, maana yake lozi. Kazi yake mojawapo ni kutambua hatari. Lakini kutambua tu hakutoshi, lazima amri itoke. Na inatoka kwa njia kuu mbili za nyuzi za neva: moja ndefu iliyopinda kama upinde, nyingine fupi inayopita chini moja kwa moja.

Sasa angalia zinakofika. Nyuzi zinazokwenda haipothalamasi ndizo zinazopandisha presha na kuupeleka moyo mbio. Zinazoshuka hadi kwenye eneo la kijivu katikati ya shina la ubongo ndizo zinazomgandisha mtu pale pale alipo.

Tunajuaje? Mwaka 1988 Joseph LeDoux na wenzake kule Marekani walichapisha utafiti wa panya waliofundishwa kuogopa mlio fulani. Panya walioharibiwa haipothalamasi upande wa pembeni, presha yao haikupanda kama kawaida, lakini waliganda. Walioharibiwa lile eneo la kijivu, mambo yakawa kinyume: presha ilipanda, kuganda hakuna. Yaani hofu ni ile ile, ila kila amri ina waya wake.

Najua mtasema binadamu si panya. Kweli, lakini njia hizi na sisi tunazo, na amri zake haziombi kibali chako kwanza. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa moyo unadunda kama ngoma huku miguu na sauti vimegoma kabisa.

Kwa hiyo kukaa kimya si ridhaa, na kuganda si uzembe. Inaweza kuwa ni mwili umetii waya mmoja kabla ya mwingine. Ukikutana na aliyepatwa na hayo, mpe pole. Lile swali liache, maana hata yeye anajiuliza kila siku.

Nawasilisha.