Kioo Cheusi Baada ya Kusasisha Ubuntu: Usikimbilie Kufomati

Umesasisha Ubuntu, mashine ikakuomba uiwashe upya, ukakubali. Nembo ya mtengenezaji imetokea, feni inazunguka, halafu kioo kimebaki cheusi. Au umefika pale pa kuweka nywila, ukaandika, kioo kikapepesa na kukurudisha palepale. Na humo ndani kuna tasnifu yako pamoja na data yote ya uwandani.

Ushauri wa kwanza utakaousikia ni huu: peleka kwa fundi apige Windows upya. Subiri kwanza. Mara nyingi kinachogoma hapo ni upande wa picha tu. Mafaili yako bado yako kwenye diski, na kufomati ndiko kutakakoyafuta.

Picha huja mwisho

Kompyuta huwaka kwa zamu. Inaanza programu iliyomo kwenye ubao mama (kwenye mashine za sasa inaitwa UEFI), ambayo hukagua vifaa. Hiyo ndiyo inayoonyesha nembo ya mtengenezaji. Kisha kazi inakabidhiwa GRUB, programu ndogo inayochagua mfumo wa kuwasha. GRUB inapakia kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Kerneli ikishaifungua diski, systemd inawasha huduma mbalimbali, mtandao ukiwemo. Karibu na mwisho ndipo GDM inapokuletea ukurasa wa kuingilia.

Kwa hiyo ukiona kioo cheusi, jiulize: mashine imefika wapi? Inawezekana kabisa imemaliza karibu kila kitu na kukwama mlangoni.

Kwa nini sasisho lilete balaa?

Chukua mfano wa mashine yenye kadi ya picha ya NVIDIA. Draiva za kadi za Intel na AMD huja ndani ya kerneli yenyewe. Draiva rasmi ya NVIDIA iko nje, na moduli yake lazima iwe imejengwa kwa ajili ya toleo lilelile la kerneli unayotumia. Ni kama kufuli na ufunguo: ukibadilisha kufuli, ufunguo wa zamani haufungui.

Sasa, sasisho likileta kerneli mpya, lazima na moduli mpya ipatikane. Wakati mwingine huja tayari, wakati mwingine hujengwa hapohapo kwenye mashine yako na programu iitwayo DKMS. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, au diski ikiwa imejaa, kerneli mpya inabaki bila moduli yake.

Kuna na Secure Boot, ulinzi unaoifanya kerneli ikatae moduli isiyo na saini inayotambulika. Ndiyo maana baada ya kusakinisha draiva unaweza kuletewa ukurasa wa bluu wa MOK ukitaka nywila uliyoiweka wakati wa kusakinisha. Ukiuruka, draiva ipo lakini inazuiwa kufanya kazi.

Anza hapa

Bonyeza Ctrl+Alt+F3. Yakitokea maandishi yanayokuomba jina na nywila, shukuru: mashine iko hai. Ingia. Nywila haitaonekana unapoandika, hata nyota hazitokei. Wewe andika tu, kisha Enter.

Angalia nafasi ya diski:

`df -h`

Kama mstari wa `/` au wa `/boot` unasoma 100%, huenda mchawi umeshampata. Diski iliyojaa inaweza kukurudisha kwenye ukurasa wa nywila kila unapoingia, kwa sababu mfumo hauna pa kuandika mafaili yake madogo ya muda. Amri ya `sudo apt clean` hufuta vifurushi vilivyokwisha kutumika na kukupa pumzi kwenye `/`.

Kisha malizia sasisho lililokatika njiani:

`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt -f install`

Bado? Andika `nvidia-smi`. Ikikujibu kwamba haiwezi kuwasiliana na draiva, tatizo liko palepale kwenye moduli. Unganisha simu kwa waya wa USB, washa kushiriki intaneti, halafu:

`sudo ubuntu-drivers install`

Washa upya, na ukurasa wa MOK ukija, usiuruke. Ukitaka kuona makosa yaliyoandikwa tangu mashine iwake, tumia `journalctl -b -p err`.

Kama hata maandishi hayatoki

Zima, washa, na nembo ikitokea bonyeza Esc mara moja (mashine za zamani: shikilia Shift). Kwenye menyu ya GRUB chagua "Advanced options for Ubuntu". Kwa kawaida Ubuntu huacha kerneli ya awali kama akiba, chagua hiyo. Ikiwaka vizuri, umejua kwamba hitilafu iko kwenye kerneli mpya au draiva yake, na wakati huohuo una mashine ya kufanyia kazi.

Ikigoma, rudi GRUB, bonyeza `e`, tafuta mstari unaoanza na `linux`, na mwishoni mwake ongeza neno `nomodeset`. Bonyeza F10. Picha inaweza kuwa mbaya, lakini utaingia na kurekebisha draiva. Neno hilo hufanya kazi kwa uwashaji huo mmoja tu, kwa hiyo huharibu kitu.

Njia ya mwisho, kabla ya fundi

Azima flashi yenye Ubuntu, iwashe mashine kutoka humo, chagua kujaribu bila kusakinisha, fungua diski yako na unakili kila kitu kwenye diski ya nje. Kama diski ilifungwa kwa usimbaji, utahitaji nywila yake. Ukishanakili, fungua mafaili mawili matatu kwenye kompyuta nyingine uhakikishe yanasomeka. Baada ya hapo hata fundi akifomati, anafuta mfumo tu.

Na safari ijayo, kabla hujasasisha: chomeka chaja, angalia nafasi ya diski, nakili tasnifu mahali pengine. Kama utetezi wako ni kesho asubuhi, sasisho lisubiri hadi keshokutwa.