«Dacoit»: neno la Kihindi kwa majambazi, na sababu sheria inahesabu watu watano

Watu watano wakiungana kuvamia mtu na kumnyang'anya mali kwa nguvu, sheria ya India haiwahesabu kama wanyang'anyi wa kawaida. Inawaita «dacoit», maana yake majambazi wa kundi. Wakiwa wanne, jina hilo haliwafikii.

Neno hilo limetoka katika Kihindi. «Daka» ni uvamizi wa kundi la wanyang'anyi, na mwenye kuufanya huitwa «dakait» ama «daku». Waingereza walilisikia wakati walipokuwa wakitawala India, wakaliandika kwa namna yao. Sheria yao ya jinai ya mwaka wa 1860 ndiyo iliweka idadi ya watu watano. Sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024, haikuibadilisha. Tena ni kali: mmoja wao akiua wakati wa uvamizi, wote wanaweza kuhukumiwa kifo.

Lakini neno hilo halikutumiwa kwa wanyang'anyi peke yao. Waingereza walipomuondoa mfalme Thibaw wa Burma, Myanmar ya leo, mwaka wa 1885, watu wengi walishika silaha kuwapinga. Katika ripoti za wakoloni, wapiganaji hao pia waliandikwa «dacoit». Aliyetetea ufalme wake na aliyepora vijiji wakawekwa chini ya jina moja.

Katika bonde la Chambal, kaskazini ya India, wenye silaha walijichagulia jina lingine: «baghi», yaani muasi. Phoolan Devi ndiye aliyejulikana zaidi. Alishitakiwa kwamba kundi lake liliua wanaume 20 katika kijiji cha Behmai mwaka wa 1981. Yeye alikana kuwaua. Alijisalimisha mwaka wa 1983, akakaa gerezani miaka 11 bila kuhukumiwa, akachaguliwa mbunge mwaka wa 1996, kisha akauawa kwa risasi New Delhi mwaka wa 2001. Watu wengi wa tabaka za chini walimuona kama mtetezi wao. Familia za Behmai zilingojea hukumu ya korti hadi mwaka wa 2024.

Wakaaji wa Kivu na Ituri wanalijua jambo hilo: kundi moja huitwa majambazi na huyu, waasi na yule. Sheria ya India inahesabu watu na kuangalia walichotenda, si jina walilojipa.