Siku ya Kutulia Majini Kabla ya Kufika Lamu

Safari ya jahazi katika visiwa vya Lamu aghalabu huchukua siku tatu hadi tano, na iliyo tamu kuliko zote ni ile ya mwisho. Chombo kimeshageuza omo kutoka Kiwayu, kisiwa chembamba upande wa kaskazini-mashariki, na sasa kinarudi Lamu kikipita Ndau, Pate na Manda. Magofu na miji ya kale imeshatembelewa. Miguu imezoea mtikisiko wa sitaha, na hakuna aliyebakiwa na jambo la kukimbilia.

Kwa wakazi wa Garissa, starehe hii haiko mbali kama wengi wanavyodhani. Kaunti yao haina ufuo, lakini pembe yake ya kusini-mashariki, huko Ijara, inapakana na Lamu. Msitu wa Boni, ambao sehemu yake ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1976, huanzia upande wa Garissa na kuendelea kuelekea kwenye mikoko. Mto Tana, unaopita chini ya daraja la Garissa, nao humwaga maji yake Kipini, kusini-magharibi mwa visiwa hivyo. Mtu aliyetoka mji ambao jua la mchana hupandisha joto kupita nyuzi 35 huuhisi upepo wa bahari mwilini kabla hata hajapanda chombo.

Mwenye kupanga siku hii ni maji. Bahari hujaa na kupwa karibu mara mbili kwa siku, na kila siku jaa huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii huweza kupanda kwa mita 3 na kupwa kiasi hicho hicho. Mkanda, njia nyembamba inayokitenga kisiwa cha Manda na bara, ni wa kina kifupi. Jahazi lililobeba watu na farumi, yaani uzito wa kulituliza, haliupiti maji yakiwa yamekupwa. Siku za bamvua, maji hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena karibu saa kumi jioni. Nahodha anayefika mapema hutia nanga akangoja. Kama mfugaji wa Ijara anavyoongoza mifugo yake kwa kufuata maji na malisho, baharia naye hulazimika kufuata maji, na abiria hupata saa kadhaa za mapumziko ambazo hakuna awezaye kuzifupisha.

Saa hizo zina kazi zake. Foromali, yaani mti unaobeba tanga, hushushwa, tanga likafungwa, na turubai kutandazwa juu ya sitaha kuwa kivuli. Baharia mmoja huteremka chini na upo kufua ngama, yaani maji yaliyopenya kati ya mbao, kwa sababu jahazi la mbao halikosi kuvuja kidogo. Mpishi huwasha mkaa kwenye jiko lililokaa ndani ya sanduku la mchanga, cheche zisiguse ubao. Nazi hukunwa kwenye mbuzi, tui likakamuliwa, na samaki aliyevuliwa kwa mshipi asubuhi hiyo, pengine changu au kolekole, huingia chunguni. Wengine huruka majini kuogelea na wengine hulala. Chai ya tangawizi hufuata, na mazungumzo hayana haraka.

Utulivu huu unategemea msimu. Kaskazi, inayovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hukisukuma chombo kutoka Kiwayu kuelekea Lamu kwa upole, na bahari huwa shwari. Kusi ya katikati ya mwaka ni jambo jingine kabisa: kurudi Lamu ni kwenda kinyume cha upepo, tanga likigeuzwa tena na tena katika kupiga bisho, na wimbi la nje ya visiwa huwa kubwa. Anayetaka kupumzika asiende Juni wala Julai.

Sehemu ya kaskazini ya njia hii ni Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyoanzishwa mwaka 1979. Kasa hutaga katika fukwe zake, na nguva, mnyama aliyebaki kwa uchache mno katika pwani yote ya Kenya, hula nyasi za bahari humo. Kumwona ni bahati kubwa.

Lakini eneo hili limeumizwa. Septemba 2011 watu wenye silaha waliivamia hoteli ya kitalii karibu na Kiwayu, wakamuua mgeni kutoka Uingereza na kumteka mkewe. Mwezi uliofuata Kenya ilipeleka majeshi Somalia. Mwaka 2015 ilianza operesheni ya kiusalama katika msitu wa Boni. Wanaoumia zaidi ni Wabajuni na Waboni wa huko, ambao walipungukiwa na wageni na hata barabara. Hali ya usalama ya siku za safari ndiyo inayopasa kuulizwa kwanza, na safari nyingine huishia Pate au kisiwa kidogo cha Manda Toto.

Msafiri wa Garissa hupitia Hola, Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha huvuka kwa boti hadi mji wa Lamu. Hapo hukubaliana na nahodha kuhusu bei, chakula na maji ya kunywa, na pia kuhusu mwezi: safari ikipangwa siku yake ya kurudi iangukie bamvua, mapumziko huanza asubuhi na Mkanda hupitika jioni, chombo kikafika Lamu kabla ya magharibi.